Vitafunwa visivyo na ngano wala maziwa, Ipagala: nimevinunua miezi saba kwa ajili ya mjukuu wangu

Mjukuu wangu ana miaka sita. Tangu alipokuwa na minne hali kitu chochote cha ngano, na maziwa pia hatumpi. Kila Jumamosi asubuhi tunapanda bajaji kutoka Chang'ombe hadi Ipagala, kwa mama mmoja anayetengeneza vitafunwa nyumbani kwake, na tunarudi na mfuko wa wiki nzima. Huu ni mwezi wa saba. Namwandikia mzazi au mlezi yeyote wa hapa Dodoma mwenye mtoto kama wangu, kwa sababu nakumbuka nilivyohangaika mwaka ule wa kwanza, na ningeshukuru sana kama mtu angenieleza mapema habari za mama huyu.

Kwanza ugonjwa, maana wengi huuliza. Mtoto alikuwa na tumbo limejaa kama ngoma, miguu myembamba, nywele zimenyong'onyea, na kuharisha kusikokwisha. Mahali pa kwanza tulipompeleka walimpa dawa ya minyoo, tukarudi, wakampa tena, kisha ya amiba. Alizidi kukonda. Baadaye daktari mmoja wa watoto akaagiza kipimo cha damu, halafu akapitishwa kamera tumboni na kuchukuliwa kinyama cha utumbo. Jibu likawa siliaki. Gluteni, ambayo ni protini ya ngano, shayiri na rai, ikiingia tumboni mwake, kinga ya mwili inaushambulia utumbo wake yenyewe. Vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula vinaliwa mpaka utumbo unakuwa laini kama ukuta uliopigwa lipu. Na kwa kuwa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hutengenezwa juu ya vinyweleo hivyohivyo, maziwa nayo yakawa yanamvuruga tumbo. Dawa ya kumeza hakuna. Unaacha gluteni maisha yote. Maziwa daktari alisema huenda akayarudia utumbo ukishapona; tumejaribu mara mbili, mara zote mbili tumbo limekataa, tumeacha kwa sasa.

Wifi yangu alisema huu ni ugonjwa mpya, wa watoto wanaodekezwa. Nilimjibu kwamba Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alishaonyesha miaka ya 1940 na 1950 kwamba ngano ndiyo inayowaumiza watoto hawa. Kabla ya hapo walikuwa wakikonda mbele ya wazazi wao na hakuna aliyejua sababu. Wifi alinyamaza, na siku hizi akija nyumbani anakuja na ndizi badala ya biskuti. Namshukuru kwa hilo.

Chakula cha mezani hakikunisumbua. Mimi ni Mgogo, nimekulia kwenye nyumba ya tembe, na ugali wa uwele kwa mlenda ndio ulionikuza. Uwele hauna gluteni, mtama hauna, ulezi hauna, mahindi, mchele na mhogo havina. Shida ni kitafunwa. Saa nne shuleni watoto wote wanatoa andazi, chapati, biskuti ya pakiti. Jirani akifanya sherehe ya mtoto kuna keki, sambusa, tambi. Mtoto wa miaka minne unamwambiaje kwamba kila kilichoko kwenye sinia si chake? Nilikuwa namfungia viazi vitamu vya kuchemsha. Siku moja vikarudi vyote, havijaguswa. Akaniambia, "Bibi, viazi ni chakula cha nyumbani."

Nikaanza kununua, na hapo ndipo nilipopata hasara. Vitumbua nilidhani ni salama kwa sababu ni mchele. Mama wa pale kona ya kwetu, ambaye nimenunua kwake miaka, aliponiona nimesimama na mtoto alinivuta pembeni akasema kweli: anaongeza vikombe viwili vya ngano ili unga uongezeke na vitumbua visikatike. Mungu ambariki kwa kusema. Duka moja la keki mjini halikusema. Niliagiza keki ya mchele, nikaeleza ugonjwa wote, kijana akaniitikia kila neno. Usiku ule mtoto alitapika mpaka alfajiri. Niliporudi kuuliza, ikabainika keki kweli ilikuwa ya mchele, ila bati lilikuwa limepakwa mafuta na kunyunyiziwa unga wa ngano ili keki isigande. Kijana hakuwa na nia mbaya. Hakujua tu kwamba vumbi lile pia ni ngano.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu mstaafu aliponiambia kuna mama Ipagala, nilikwenda na maswali yangu nimeyaandika kwenye daftari. Sikuwahi kuyasoma. Alinipa shikamoo, akanikaribisha kiti, na kabla sijataja ninachotaka akaanza yeye. "Mwalimu, mtoto anakataa nini hasa? Maziwa yanamsumbua kwa sukari yake au kwa protini yake? Mayai anakula? Karanga je? Ameshawahi kuvimba midomo?" Nilimtazama. Hakuna muuzaji aliyekuwa ameniuliza maswali hayo.

Kumbe mwanawe wa pili ana mzio wa protini ya maziwa. Hiyo ni shida nyingine kabisa na ya mjukuu wangu, na alinieleza vizuri tofauti yake. Mwenye shida ya sukari ya maziwa akila samli kidogo anaweza asidhurike, lakini mwenye mzio wa protini hata samli ni hatari, kwa sababu haichujwi ikaisha protini yote. Ndiyo maana jikoni kwake hakuna maziwa, siagi wala samli, na majarini haitumii kwa kuwa nyingine zina maziwa ndani. Mafuta yake ni ya alizeti, yale ya kukamuliwa ya Singida, na tui la nazi. Ngano haiingii nyumbani humo kabisa. Anayetaka chapati anaila hukohuko nje na kunawa kabla ya kuingia jikoni. Yeye ni mtu wa Tanga, alihamia huku na mumewe Serikali ilipohamia Dodoma, na mapishi ya pwani amekuja nayo.

Lakini kilichonifanya niwe mteja ni kinu.

Nafaka yetu haina gluteni ikiwa shambani. Gluteni inaikuta mashineni. Wewe unapeleka uwele wako kusaga, na aliyekutangulia kwenye foleni amesaga unga wa lishe: mahindi, soya, karanga, ulezi, na ndani yake kilo ya ngano, maana wengi huweka. Unga wake unabaki kwenye nyundo, kwenye chekeche, kwenye ule mfuko wa kitambaa mdomoni mwa mashine. Kilo yako ya kwanza inatoka imechanganyika. Kwa mtu mwingine si kitu. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa chakula kinachoitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo, na hicho ni kidogo kiasi kwamba kijiko cha chakula cha unga wa ngano kinatosha kuharibu debe zima. Mimi mwaka mzima nilikuwa nampa mtoto ugali wa uwele niliosaga mtaani na nikashangaa kwa nini tumbo halitulii moja kwa moja.

Mama huyu alinunua kinu chake kidogo cha umeme, kinakaa kwenye chumba cha nyuma, na hakuna wa nje anayesagiwa humo hata kwa hela. Alinionyesha anavyofanya. Anapepeta uwele kwa ungo mlangoni, upepo ukipeleka makapi nje, kisha anaumwaga kwenye sinia jeupe na kupitisha kidole, safu kwa safu, akitafuta punje ngeni. Siku ile alipata mbili za mtama na kijiwe. Anaosha, anaanika juu ya turubai safi alilotenga kwa kazi hiyo, anasaga kinachotosha siku nne tu. Nilimuuliza kwa nini siku nne, ingawa jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Uwele una mafuta mengi, unga wake ukikaa unageuka mchungu. Mama yangu hakuwahi kutwanga wa wiki. Kumsikia mtu wa Tanga akiniambia jambo hilo kwa uhakika kulinifurahisha sana.

Maabara hana, na hasemi anayo. Alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, bado hajapata. Ameniambia ameanza kufuatilia. Ninachoweza kushuhudia ni kile nilichokiona kwa macho na tumbo la mjukuu wangu kwa miezi saba. Kilo zimeongezeka kutoka kumi na nne hadi kumi na saba na nusu.

Sasa vitafunwa vyenyewe.

Biskuti za uwele na ufuta ndizo ninazozipenda kuliko vyote. Ni duara, kubwa kidogo kuliko sarafu ya shilingi mia mbili, rangi ya kijivu iliyokolea kahawia pembeni, na juu kuna matundu manne ya uma. Ukiivunja inalia, haipindi. Harufu inayotangulia ni ya ufuta uliokaangwa, halafu unafuata ule ukali mtamu wa uwele ambao mtu aliyekulia Dodoma hawezi kuusahau. Sukari ni kidogo. Inayokamilisha utamu ni zabibu kavu zilizokatwakatwa, za hukuhuku, maana sisi tuna bahati ya mizabibu inayozaa mara mbili kwa mwaka. Mjukuu wangu anaanza kula pembeni, anazungusha kama panya, kisha anabaki na kipande cha katikati chenye matundu na anakihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Ndipo anakila. Biskuti 12 ni shilingi 3,000.

Kazi kubwa ya unga usio na gluteni ni kushikamana. Ngano ina ule mvuto unaoshika donge, hizi nafaka zetu hazina. Anachofanya ni kuchukua sehemu ya unga na kuupika uji mzito na wanga wa mhogo, auache upoe, ndipo akandie unga uliobaki pamoja na yai. Nilijaribu nyumbani, zikanishinda mara ya kwanza kwa kuwa sikusubiri uji upoe na yai likaiva. Mara ya pili zilikubali. Anaeleza kila anayemuuliza, hafichi.

Vileja ni vya kwao pwani, vya unga wa mchele na iliki. Vya asili hukandwa kwa samli, na hapa nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu kileja bila samli nilidhani kitakuwa chaki. Anatumia mafuta ya nazi. Vinayeyuka mdomoni vizuri na iliki inasikika, ila kwenye joto la Oktoba vilifika nyumbani vimelainika na kushikana, nikavitoa kwa kijiko. Wakati wa baridi, Juni na Julai, havina shida yoyote. Shilingi 4,000 kwa vipande kumi naona ni juu kidogo.

Vitumbua: nenda mapema. Mchele unalowekwa usiku, unasagwa na tui kwenye brenda, hamira, sukari, iliki, basi. Chuma cha vitumbua ni kimoja, na mafuta yake hayajawahi kukaanga andazi, jambo ambalo wauzaji wengi hawalifikirii, kwamba mafuta yaliyokaanga ngano yanabeba ngano. Pembeni vina ule wavu mkavu unaovunjika, katikati ni laini kama sponji. Kimoja shilingi 300. Ikifika saa nne asubuhi vimekwisha, na mara mbili mimi na mtoto tumerudi bila.

Keki ya ndizi na unga wa mtama mweupe siipendekezi, labda uile siku ileile. Kesho yake inakuwa kavu, inamwagika kama mchanga kwenye nguo za shule. Nilimwambia, akakubali, akasema bado anatafuta dawa. Uzuri wake ni kwamba mtama mweupe hauna ule uchungu wa mtama mwekundu. Shilingi 7,000 kwa keki isiyolala naona ni hasara kwa familia ya kawaida.

Kuhusu kashata za karanga niseme zaidi, kwa sababu karanga ndiyo inayonitia hofu kuliko ngano. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu huku kwetu, Dodoma na Manyara, kutokana na mahindi yaliyoota ukungu, na karanga zinashika sumu hiyohiyo. Haionekani, haina ladha, na kukaanga hakuimalizi. Mtoto anayekula kashata kila siku anakula karanga nyingi kuliko mtu mzima. Kwa hiyo kabla ya kununua niliomba kuona karanga mbichi. Alinipeleka. Ananunua za Kongwa, za maganda, anabangua mwenyewe. Juu ya meza kulikuwa na beseni mbili: moja ya nzima, zilizojaa, ngozi inang'aa, nyingine ya zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye doa. Nilimuuliza hizi mbovu zinakwenda wapi. Wauzaji wengi wanazisaga, maana zikishasagwa hakuna anayeziona. Yeye alisema anazichoma moto, kuku pia hawapi. Nikachukua kashata nne, shilingi 500 kila moja, na tangu siku hiyo sijawahi kuona moja yenye uchungu. Utamu wake ni sukari iliyoungua kidogo na tangawizi. Ni ngumu, mtoto anayeng'oka meno ya mbele kama wangu sasa hivi anahitaji kusagiwa.

Kuna pia tembe za ulezi, zinazofinyangwa kwa ulezi uliokaangwa, tende na ufuta. Mjukuu hazipendi sana, anasema zinashika kooni. Mimi namshawishi ale angalau moja kwa siku, kwa sababu mtoto asiyekunywa maziwa lazima kalsiamu itoke mahali pengine, na gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300, ingawa mwili haufyonzi zote. Nyingine inatoka kwenye dagaa, tunaotafuna na mifupa yake.

Lalamiko langu moja ni zito, na nimeshamwambia mwenyewe. Vifungashio vyake vyote ni kontena zilezile za plastiki zisizo na maandishi, anatumia rangi ya kamba kutofautisha: nyekundu zina karanga, kijani hazina. Yeye anajua. Mimi najua. Dada wa kazi hajui, mwalimu wa darasa hajui, na mtoto wa jirani mwenye mzio wa karanga akipewa moja? Nilimwomba aandike kwa mkono kilichomo na tarehe ya kuoka. Wiki tatu zilizofuata aliandika, kalamu nyeusi juu ya karatasi ya gundi, kisha oda zikawa nyingi akaacha. Juzi nilimkumbusha tena. Alichukua kalamu palepale akaandika kontena zote zilizokuwa mezani, zangu na za wengine, nami nikamsaidia kwa kuwa mwandiko wa ubao bado ninao. Nitaendelea kumkumbusha. Nanyi mkienda, msipokee kontena isiyo na karatasi.

Usafirishaji hana. Lazima uende au utume bajaji, na kwa anayekaa Nkuhungu au mbali zaidi hiyo ni gharama juu ya gharama. Jumapili hafanyi kazi. Oda ya sherehe anataka siku tano kabla na nusu ya malipo, na sioni ubaya, kwa kuwa mchele na nazi anavinunua kwa fedha taslimu soko la Majengo.

Mwezi uliopita mwalimu wa darasa aliniambia jambo. Saa nne mjukuu alifungua kontena lake, na mtoto wa dawati la pili akaomba biskuti moja kwa andazi lake. Mjukuu akampa biskuti, akakataa andazi, akasema, "Hilo linaniumiza, kaa nalo." Kesho yake waliomba wanne. Wiki ile kontena la biskuti 12 lilikwisha Jumanne, na nilipomuuliza aliniambia bila kusita kwamba aligawa.

Desemba anatimiza miaka saba. Mama wa Ipagala amekuwa akijaribu mkate wa kumimina wa tui, mchele mtupu, unaookwa kwa moto juu na chini. Wa kwanza ulibonyea katikati, wa pili nilionja Jumamosi iliyopita na ulikuwa umeumuka vizuri, una mashimomashimo kama inavyotakiwa. Nimeagiza sufuria kubwa mbili na nimelipa nusu. Darasani kwao wako 43.